Protoni tatu kati ya risasi na dhahabu

Mei 2025, watafiti wa jaribio la ALICE katika CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia ya chembe nje kidogo ya jiji la Geneva, walitangaza kwamba wamepima kiasi cha dhahabu kinachozaliwa pale viini vya atomi za risasi (ile metali nzito, si ya bunduki) vinapopishana ndani ya mashine yao kubwa ya kugonganisha chembe. Habari haikuchelewa kufika huku kwetu, ila ilipofika ilikuwa imechujwa ikabaki sentensi moja: Wazungu wamegeuza risasi kuwa dhahabu. Hapo kila mtu akavutia upande wake. Wapo walioanza kuwahurumia wachimbaji wa Geita na Chunya kwamba soko lao limekwisha. Wapo waliosema ni uongo wa mitandaoni tu. Wengine, na hawa ndio walionishangaza zaidi, wakasema kumbe wale wanaalkemia wa kale, waliohangaika kugeuza metali nyingine kuwa dhahabu na kuchekwa karne na karne, walikuwa sahihi.

Kwa maoni yangu, makundi yote matatu yamelipita jambo lenyewe. Kilichopimwa CERN kinaonyesha waziwazi kwamba elementi ni hesabu, na kinachohesabiwa ni kitu kimoja tu: protoni zilizomo ndani ya kiini cha atomi. Risasi ina 82, dhahabu ina 79. Zitoe tatu na umepata dhahabu, hata kama hukuikusudia, hata kama haitadumu. Ukishindwa kuzitoa hizo tatu, hakuna moto, tindikali wala ndumba itakayokusaidia. Anayelishika jambo hili sawasawa ataisoma kwa macho mengine habari ya bei ya dhahabu, habari ya utapeli, na hata habari ya sumu iliyolala kwenye udongo wa baadhi ya mitaa yetu.

Kwanza tuone kilichotokea. Katika mashine ile, viini vya risasi hukimbizwa kwa asilimia 99.999993 ya kasi ya mwanga, mkondo mmoja ukielekea huku na mwingine kule. Vikigongana uso kwa uso, vinasambaratika kuwa mchuzi wa moto wa chembe ndogo zaidi, na huo ndio ALICE iliundwa kuuchunguza. Lakini mara nyingi zaidi vinapishana bila kugusana. Kila kiini kina chaji chanya 82, kwa hiyo kimezungukwa na uga mkali wa umeme. Ni kama malori mawili yanayopishana kwa kasi kwenye barabara nyembamba: hayagusani, ila upepo wa moja unalitikisa jingine mpaka mzigo wa juu unadondoka. Hapa mzigo unaodondoka ni nyutroni kadhaa, yaani zile chembe za kiini zisizo na chaji, na, mara chache, protoni. Ikidondoka protoni moja, kiini kilichobaki ni cha thali, yenye namba 81. Zikidondoka mbili ni zebaki, namba 80. Zikidondoka tatu ni dhahabu. Vifaa vya ALICE vinavyopokea chembe zinazoruka moja kwa moja mbele ndivyo vilivyowezesha kuhesabu matukio hayo.

Hesabu yake inachekesha kidogo. Katika awamu ya pili ya kazi ya mashine, kuanzia 2015 hadi 2018, vilizaliwa viini vya dhahabu kama bilioni 86. Namba inatisha mpaka uipeleke kwenye mizani: ni pikogramu 29, na pikogramu moja ni sehemu moja ya trilioni ya gramu. Kwa mwendo huo, kupata gramu moja kungehitaji takriban miaka bilioni 138, yaani mara kumi ya umri wote wa ulimwengu. Hata hiyo gramu isingekusanyika, kwa sababu kila kiini kikishazaliwa kinaiacha njia yake, kinagonga ukuta wa bomba na kuvunjika papo hapo.

Lipo jambo jingine ambalo vichwa vya habari havikuligusa, nami naliona ndilo tamu kuliko yote. Risasi iliyotumika ina protoni 82 na nyutroni 126. Ukitoa protoni tatu pamoja na nyutroni moja au mbili, unabaki na kiini chenye protoni 79 na nyutroni 125 au 124. Dhahabu ya pete na hereni, ile inayochimbwa Geita, ina nyutroni 118 tu, na hiyo ndiyo pekee iliyo imara. Kwa hiyo iliyozaliwa CERN ni dhahabu nzito kupita kiasi, dhahabu isiyoweza kuishi muda mrefu hata ingeepuka ule ukuta. Lakini ni dhahabu. Hakuna mwanakemia atakayeiita jina jingine, kwa sababu nyutroni huamua uzito na uimara, ilhali jina liko mikononi mwa protoni peke yake.

Mambo hayakuwa wazi hivi tangu zamani. Dmitri Mendeleev alipopanga jedwali lake 1869, alitumia uzito wa atomi, na namba ya elementi ilikuwa mahali pake kwenye foleni tu, haina maana nyingine. Foleni yenyewe ilikuwa na kasoro. Teluri ina uzito wa 127.6 na iodini 126.9, kwa hiyo kwa sheria ya uzito iodini ilipaswa kutangulia. Lakini tabia zake zote ni za jamaa za klorini na bromini, na Mendeleev akaitanguliza teluri akiamini kwamba waliopima uzito wamekosea. Hawakuwa wamekosea. Baadaye tatizo lilelile likajitokeza kwa argoni na potasiamu, na kwa kobalti na nikeli. Jedwali lilifanya kazi, na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini.

Aliyetoa wazo la kwanza alikuwa mwanasheria. Antonius van den Broek, Mholanzi aliyeipenda fizikia kama wengine wanavyopenda bao, alipendekeza 1911 kwamba namba ya mahali kwenye jedwali inaweza kuwa ndiyo chaji ya kiini. Aliyelithibitisha ni kijana wa Kiingereza, Henry Moseley, akianzia kwenye maabara ya Ernest Rutherford mjini Manchester mwaka 1913. Alikuwa akipiga metali mbalimbali kwa mkondo wa elektroni na kupima eksirei zinazotoka. Akaona kwamba kipeuo cha pili cha masafa ya miale hiyo kinapanda kwa hatua sawa kila unapohama kutoka elementi moja kwenda inayofuata. Uzito uliruka ovyo, lakini eksirei zilipanda ngazi moja moja bila kukosea. Kobalti ikakaa 27 na nikeli 28, ubishi ukaisha. Kufikia 1914 alikuwa ameifuata ngazi hiyo kutoka alumini, namba 13, mpaka dhahabu, namba 79, na kuonyesha kwamba nafasi 43, 61 na 75 zina elementi ambazo hakuna mtu aliyewahi kuziona. Zote tatu zilikuja kupatikana. Mwenyewe hakuziona, aliuawa vitani Gallipoli, Agosti 1915, akiwa na miaka 27.

Msomaji aitazame miaka. Moseley alikuwa akihesabu protoni kabla protoni haijapewa jina. Rutherford alizitoa kutoka kwenye viini vya naitrojeni katika kazi aliyoichapisha 1919, na jina likaja 1920. Nyutroni, iliyoeleza kwa nini uzito ulikuwa ukivuruga foleni, ilisubiri mpaka James Chadwick alipoigundua 1932. Hesabu ilitangulia na kitu kinachohesabiwa kikafuata. Shuleni tunafundishwa kinyumenyume: mwanafunzi wa kidato cha pili anapewa sentensi kwamba namba ya atomi ni idadi ya protoni, anaikariri, anaijibia mtihani, na haimjii akilini kwamba watu walipigana na jambo hilo nusu karne.

Wapo walimu wanaotetea njia hiyo, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema kinachofanya kazi katika kemia ni elektroni. Protoni zimejificha kiinini na hazishiriki kwenye mmenyuko wowote. Katika atomi isiyo na chaji idadi ya elektroni na ya protoni ni sawa, kwa hiyo mwanafunzi akisema namba ya atomi ni idadi ya elektroni, hasara iko wapi? Hasara iko kwenye chumvi ya mezani. Sodiamu iliyomo humo imepoteza elektroni moja na kubaki na kumi, sawasawa na gesi ya neoni. Tungekuwa tunaitambua elementi kwa elektroni, kila mpishi angekuwa anatia neoni kwenye mboga. Sodiamu inabaki sodiamu kwa sababu protoni zake 11 hazikuguswa. Elektroni huja na kuondoka. Idadi inayoweza kushikiliwa, na jinsi inavyojipanga, huamuliwa na mvuto wa protoni. Ndiyo maana tofauti ya protoni moja inaweza kuwa kubwa hivi: dhahabu yenye 79 huyeyuka kwa nyuzi 1,064 za Selsiasi, na zebaki yenye 80 ni kimiminika mpaka uishushe chini ya nyuzi 38 hasi.

Turudi kwa wabishi wetu. Dhaifu kuliko zote ni hoja ya wanaodai bei ya dhahabu itaporomoka kwa sababu ya CERN. Dhahabu yote ya ile miaka minne, hata kama ingekusanywa na kuuzwa kwa dola 130 kwa gramu, isingefikisha sehemu moja ya milioni mia ya dola moja, na mashine yenyewe iligharimu mabilioni. Migodi ya dunia hutoa zaidi ya tani 3,600 kwa mwaka. Soko nalo lilijibu kwa namna yake: Oktoba 2025, miezi mitano baada ya tangazo, wakia moja ilipita dola 4,000 kwa mara ya kwanza katika historia. Waliouza kwa hofu Mei wanajua walichopoteza.

Wapo pia wanaolalamika kwamba ni ubadhirifu, na hao wana haki zaidi ya kusikilizwa, ingawa wameelekeza lawama pabaya. Dhahabu haikuwa lengo, ni makombo. Kupima protoni zinazodondoka kunasaidia kukisia jinsi mikondo ya viini inavyopungua nguvu, na upungufu huo ni moja ya mambo yanayoizuia mashine kufanya kazi zaidi ya hapo ilipo. Kama mtu anataka kuuliza iwapo fedha hizo zote zingefaa kwenda kwingine, aulize, ni swali halali la walipakodi wa Ulaya. Ila asiulize akidhani wametumia mabilioni kutafuta hereni.

Vipi wanaalkemia? Nawapa nusu. Walihisi kwamba risasi na dhahabu ni ndugu, kwamba ndani kabisa zimeumbwa kwa kitu kilekile, na hapo hawakuwa mbali na ukweli. Walikosea chombo. Moto wa tanuri na tindikali kali kuliko zote hugusa elektroni za nje, kwa nishati ya elektronivolti (kipimo kidogo sana cha nishati) chache kwa kila atomi. Kung'oa protoni moja kutoka kiini cha risasi kunahitaji kama milioni nane. Huwezi kulifidia pengo hilo kwa kuongeza mkaa au kwa subira. Wala CERN si wa kwanza kulivuka. Mwaka 1941 wanafizikia wa Harvard waligeuza zebaki kuwa dhahabu yenye mionzi kwa kuipiga nyutroni, na 1980 kundi la Glenn Seaborg kule Berkeley liliondoa protoni nne kutoka bismuthi, namba 83, likapata atomi za dhahabu chache mno kwa gharama isiyosemeka. Kila mara ilikuwa ni kugusa kiini, na hakuna aliyepita njia nyingine.

Hoja inayostahili kuchukuliwa kwa uzito haikutoka CERN kabisa. Julai 2025, kampuni changa ya Marekani iitwayo Marathon Fusion ilichapisha pendekezo la kuweka zebaki ndani ya mitambo ya baadaye ya umeme wa muunganiko wa nyuklia. Nyutroni zenye kasi zingegonga zebaki 198 (namba hii ni jumla ya protoni na nyutroni zake), zikang'oa nyutroni moja na kuacha zebaki 197, ambayo si imara. Katika siku chache, protoni moja ya kiini hicho humeza elektroni na kugeuka nyutroni. Protoni 80 zinakuwa 79, na kinachobaki ni dhahabu 197, ileile ya Geita. Kwa karatasi, mtambo mmoja mkubwa ungeweza kutoa tani kadhaa kwa mwaka, na fizikia yake haina dosari ninayoiona. Vikwazo ni vingine. Mitambo hiyo ya umeme haipo bado popote duniani. Zebaki 198 ni kama asilimia kumi tu ya zebaki ya kawaida, hivyo lazima itengwe kwanza. Na aina nyingine za zebaki zikichanganyika humo huzaa dhahabu yenye mionzi, kiasi kwamba wenyewe wanakadiria huenda ikabidi ihifadhiwe miaka 14 hadi 18 kabla ya kushikwa kama dhahabu nyingine. Sioni sababu ya mchimbaji wa leo kukosa usingizi. Lakini nchi ambayo dhahabu inaongoza mauzo yake ya nje, kama Tanzania, inafaa iwe na mtu ofisini anayelifuatilia faili hili, kwa sababu mikataba ya migodi huandikwa kwa miongo, na mitambo hii nayo inahesabiwa kwa miongo.

Wakati huo ukisubiriwa, namba 79 inafanya kazi kila siku kwenye kaunta za wanunuzi. Masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa Tanzania 2019, Geita likiwa la kwanza, yamewafanya watu wengi waizoee mashine inayoelekezwa kwenye kipande cha dhahabu na baada ya sekunde chache ikaandika asilimia. Anachofanya mnunuzi ni jaribio la Moseley. Mashine inapiga eksirei, atomi zinajibu kwa eksirei zao, na kila elementi hujibu kwa nishati yake kulingana na protoni zake: dhahabu kwenye kiloelektronivolti 9.7, zebaki karibu na 10, risasi 10.5. Shaba ikichanganywa humo inajitaja yenyewe. Mtu aliyekipaka rangi, aliyekiunguza juu kwa tindikali au aliyenong'ona juu ya kipande hicho usiku kucha hawezi kubadilisha jibu.

Ila mashine ina mpaka wake, na matapeli wanaujua. Eksirei hizo huona ngozi ya juu tu, sehemu ndogo sana ya milimita. Tungsteni, namba 74, ina msongamano wa gramu 19.25 kwa sentimita moja ya ujazo, na dhahabu 19.3, kwa hiyo mche wa tungsteni uliovikwa dhahabu nene kidogo utafaulu mizani, utafaulu kupimwa kwenye maji, na utafaulu mashine. Kwa mche mkubwa hakuna njia ila kuutoboa, kuuyeyusha au kuupima kwa mawimbi ya sauti. Muuzaji anayekataa kutobolewa mche wake ameshajibu swali. Na wale wanaokuja na kemikali ya siri inayodaiwa kukuza dhahabu au kugeuza metali nyingine, mtindo ambao watu wa wash wash, matapeli wa Nairobi, wameuchezea kwa noti na kwa madini, hata mashine haihitajiki. Waulizwe tu wanazitoaje protoni.

Upande wa pili wa ugumu huu ndio unaoniumiza kichwa zaidi, na ndio ambao habari ya CERN ingepaswa kutukumbusha. Kama ni vigumu kiasi hiki kuigeuza risasi kuwa kitu kingine, basi risasi iliyomwagika inabaki risasi. Dawa ya kuulia wadudu huvunjwavunjwa na jua, maji na bakteria, kwa sababu ni molekuli, na molekuli ni mpangilio tu wa atomi. Metali haina pa kuvunjikia. Mchimbaji mdogo anapochoma zebaki ili abakiwe na dhahabu, ule mvuke unaopaa haujateketea. Ni protoni zilezile 80, zinazotua mtoni au kwenye mapafu ya mtoto aliyekaa karibu na moto. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulipitishwa 2013 kwa msingi huohuo: zebaki hainyunyiziwi dawa ikaisha, inazuiwa kutoka au inakusanywa.

Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliokuwa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri za magari, ni mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya kwa madhara ya risasi, uamuzi ukapinduliwa kwenye rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Kiwanda kilishafungwa miaka mingi kabla ya hapo. Kila ninaposikia kwamba tangu kifungwe tatizo linapungua lenyewe, najiuliza anayesema hivyo anadhani zile protoni 82 zimekwenda wapi. Mvua inaweza kuihamisha risasi kutoka ua huu hadi ule, vumbi linaweza kuiingiza ndani ya nyumba, mizizi inaweza kuinyonya, na popote ifikapo bado ni risasi. Njia ni mbili tu, kuuchimba udongo na kuupeleka mahali palipozibwa, au kuufungia hapohapo ulipo usipeperuke wala kuliwa, na zote mbili zinahitaji bajeti yake mbali na hela ya fidia.